Antioksidanti katika Aina Mbalimbali za Vitunguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Rangi ya kitunguu hueleza mengi kuhusu kemia yake, lakini haielezi yote, na mara nyingi namna kinavyomenywa huwa na uzito kuliko aina iliyochaguliwa. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudiwa zaidi na wasomaji wanaotaka kujua kilichomo ndani ya vitunguu vyekundu, vya njano na vyeupe, pamoja na ndugu zao wa karibu.

Antioksidanti ni nini hasa, na je, ni sawa kuziita “viondoa sumu”?

Antioksidanti ni kampaundi inayozuia au kuchelewesha oksidisho, yaani mmenyuko ambao molekuli hupokonywa elektroni. Shughuli za kawaida za seli, kama vile kutumia oksijeni kupata nishati, huzalisha molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo huitwa radikali huru. Molekuli hizi hazitulii. Hujitwalia elektroni popote zinapoikuta, iwe katika mafuta ya utando wa seli, katika protini au hata katika DNA, na kila inayopokonywa huweza kumpokonya jirani yake. Antioksidanti hutoa elektroni, au atomu ya haidrojeni, bila yenyewe kugeuka kuwa mpokonyaji mwingine, na mlolongo huo hukatikia hapo.

Jina “viondoa sumu” limeenea sana, lakini linapotosha. Kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo, na hakuna kampaundi ya kitunguu inayoingia ndani, ikafagia sumu na kutoka nazo. Ndiyo maana hapa limetumika neno “antioksidanti”, ingawa si tamu masikioni.

Ni kampaundi zipi zilizomo kwenye kitunguu?

Zinazotangulia kwa wingi na kwa umuhimu ni flavonoli, tawi mojawapo la jamii kubwa ya flavonoidi, na miongoni mwake kwersetini ndiyo inayotawala. Katika nyama ya kitunguu kibichi, kwersetini huonekana ikiwa peke yake kwa kiasi kidogo mno, kwa kuwa karibu yote imefungamana na sukari ya glukosi. Miungano miwili tu, mmoja wenye glukosi moja na mwingine wenye glukosi mbili, kwa kawaida hubeba zaidi ya asilimia 80 ya flavonoli zote za kitunguu. Zilizobaki, kama vile isoramnetini na kempferoli, zipo kwa kiasi kidogo.

Vitunguu vyekundu vina nyongeza yake, nayo ni anthosiyanini, rangi zile zile za jamii inayopaka zabibu nyeusi na kabichi nyekundu. Ndani ya kitunguu, anthosiyanini nyingi zimejengwa juu ya molekuli iitwayo siyanidini, na kwa jumla hufikia takriban sehemu moja ya kumi ya flavonoidi zote. Maganda makavu yana asidi za fenoli, hasa asidi ya protokatekuiki. Kisha kuna kampaundi za salfa, ambazo ndizo zinazokipa kitunguu ukali na harufu, na ambazo uhusiano wake na oksidisho ni wa utata kuliko inavyosemwa kwa kawaida, kama itakavyoonekana mbele.

Vitamini C nayo imo, ila ni takriban miligramu 7 katika gramu 100 za kitunguu kibichi. Anayeitafuta vitamini hiyo ana vyakula vingi bora vya kuiendea.

Ni aina gani ya kitunguu yenye antioksidanti nyingi zaidi?

Jibu fupi ni kwamba vyekundu na vya njano viko mbele, vyeupe viko nyuma sana, na shaloti, yaani vitunguu vidogo vyenye tabaka nyembamba, mara nyingi hushindana na walio mbele au kuwapita. Jibu refu linahitaji tarakimu.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikusanya vipimo vya flavonoli kutoka sehemu mbalimbali, na kukuta kwamba vitunguu vya njano huwa na kati ya miligramu 270 na 1,187 katika kila kilo ya kitunguu kibichi, wakati vyekundu huwa na kati ya 415 na 1,917. Mtu akizitazama kwa haraka ataona ushindi wa rangi nyekundu. Akizitazama tena ataona jambo lenye maana kubwa zaidi: safu hizo mbili zinapishana kwa sehemu kubwa, na kitunguu cha njano kizuri humpita mbali mwekundu dhaifu. Tofauti kati ya vitunguu viwili vyenye rangi moja inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya wastani kati ya rangi na rangi. Kitunguu chekundu kikichaguliwa, kichaguliwe kwa ajili ya anthosiyanini zake, ambazo wa njano hana. Kuhusu kwersetini, hawa wawili waachwe wakiwa sare.

Vyeupe ni habari nyingine. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walilinganisha aina kumi za vitunguu pamoja na shaloti, na kukuta kwamba aina ya njano iliyoongoza ilikuwa na flavonoidi mara 11 ya aina nyeupe iliyoshika mkia. Katika ulinganisho huo huo, shaloti iliongoza kwa jumla ya fenoli, jamii pana ya kampaundi ambamo flavonoidi nazo zimo, ikiwa na takriban mara sita ya zile zilizokutwa katika Vidalia, kitunguu kitamu kinachojulikana kwa upole wake.

Vitunguu vitamu kwa ujumla havifanyi vizuri katika vipimo hivi, hata vikiwa na ganda la njano. Vimechaguliwa na wazalishaji wa mbegu kwa sababu ni laini, vina maji mengi na havina ukali, na sifa hizo huelekea kuambatana na tabaka nene zenye majimaji na rangi hafifu. Aliyezoea kuviita “vya njano” kwa sababu ya ganda la nje asishangae akikuta ndani yake ni weupe mtupu.

Kwa nini kitunguu cheupe kina flavonoidi kidogo namna hiyo?

Rangi za kitunguu hutengenezwa kwa hatua nyingi zinazofuatana, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoendesha mmenyuko huo. Malighafi hupita mkononi mwa kimeng'enya kimoja hadi kingine, ikibadilika kidogo kila mara, mpaka ifike njiapanda ambapo inaweza kuwa flavonoli ya njano au kuendelea hadi kuwa anthosiyanini nyekundu. Kitunguu chekundu kina vimeng'enya vyote vinavyohitajika. Katika vitunguu vya njano, mara nyingi kimeng'enya kinachofungua njia ya kuelekea anthosiyanini kina hitilafu ya kijenetiki. Kwa hiyo rangi nyekundu haitokei, lakini flavonoli huendelea kutengenezwa bila shida. Katika vyeupe, tatizo liko juu zaidi: jeni inayowasha mfumo mzima haifanyi kazi, au inazuiwa na jeni nyingine, na hivyo flavonoli na anthosiyanini hukosekana kwa pamoja.

Kwa maneno mengine, weupe wa kitunguu hauna maana ya usafi wala upole. Ni alama ya mtambo uliosimama.

Shaloti, vitunguu vya majani, liki na kitunguu saumu vinasimama wapi?

Shaloti ni ya spishi moja na kitunguu cha kawaida. Kwa kuwa ni ndogo na tabaka zake ni nyembamba, eneo la juu la kila tabaka ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na flavonoidi hukaa kwenye ngozi ya tabaka. Vitunguu vya majani vina wasifu tofauti: sehemu ya kijani hubeba flavonoli, vitamini C na karotenoidi (rangi za jamii inayopaka karoti), ambazo tunguu lenyewe halina kwa kiasi cha kutajwa, wakati sehemu nyeupe ya chini ni maskini. Anayetupa majani na kubakiza shina jeupe anatupa sehemu iliyo bora.

Katika liki, ndugu wa kitunguu anayeliwa shina lake nene, flavonoli inayoongoza ni kempferoli badala ya kwersetini. Kitunguu saumu kina flavonoli kidogo sana, na sifa zake zinatokana na salfa. Kukilinganisha na kitunguu cha kawaida kwa kipimo cha kwersetini si haki kwa upande wowote.

Antioksidanti ziko sehemu gani ya kitunguu?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake linaweza kubadilisha mazoea ya mtu jikoni, na linastahili kujibiwa taratibu.

Chukua kitunguu chekundu, ukikate katikati, kisha uitazame pete moja kwa karibu. Rangi haikuenea katika unene wote wa pete. Imekaa kama uzi mwembamba kwenye ukingo, na kati ya uzi na uzi kuna nyama nyeupe au iliyopauka. Uzi huo ni ngozi ya tabaka, na ukiibandua kwa ukucha utapata utando laini wa zambarau unaoonyesha mwanga; ndio utando ambao wanafunzi wa baiolojia huuweka chini ya hadubini, kwa sababu seli zake zilizojaa anthosiyanini huonekana vizuri bila kutiwa rangi yoyote. Flavonoli nazo, ingawa hazionekani kwa macho, zimejikusanya zaidi kwenye ngozi hiyo.

Mpangilio wa pili ni wa kutoka nje kwenda ndani. Tabaka nono za nje kabisa, zile zilizogusana na ganda kavu, zina flavonoli nyingi kuliko zote, na kiasi hicho hushuka kadiri unavyoelekea kwenye kiini. Katika kitunguu chekundu mteremko wa anthosiyanini ni mkali zaidi, kiasi kwamba pete za katikati huwa karibu nyeupe.

Sasa fikiria namna vitunguu vinavyomenywa mara nyingi. Ganda kavu linang'ang'ania. Mtu amechoka kulivuta vipande vipande. Anaingiza kisu chini ya tabaka nono ya kwanza na kung'oa vyote pamoja, pengine na tabaka ya pili kwa sababu imepata doa. Kinachotupwa ni sehemu ndogo ya uzito lakini ni sehemu kubwa ya antioksidanti, na katika kitunguu chekundu ni sehemu kubwa mno ya anthosiyanini. Aliyenunua kitunguu chekundu kwa ajili ya rangi yake kisha akakimenya hivyo amebaki na kitunguu kilichokaribia kuwa cheupe. Ganda likiwa gumu kutoka, kitunguu kilowekwe kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache kabla ya kumenywa, nalo litalegea lenyewe na kuiacha tabaka ya kwanza mahali pake.

Je, maganda makavu yana faida yoyote?

Kwa kemia, ni hazina. Kitunguu kinapokomaa na tabaka ya nje kuanza kukauka, glukosi hukatwa kutoka kwenye kwersetini, na kwersetini iliyobaki peke yake huoksidishwa na kimeng'enya kiitwacho peroksidesi hadi kuwa, pamoja na vitu vingine, asidi ya protokatekuiki. Rangi ya kahawia ya ganda ni mazao ya kazi hiyo. Kwa hiyo ganda kavu lina kwersetini huru kwa wingi, hali ambayo nyama ya kitunguu haina.

Kitunguu hakikuyaweka hayo kwa ajili yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Karl Paul Link na J. C. Walker wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichunguza kwa nini vitunguu vyenye rangi havishambuliwi na kuvu wa madoa meusi ambaye huviharibu vyeupe, na wakaitenga asidi ya protokatekuiki kutoka kwenye maganda yenye rangi. Asidi hiyo huyeyuka katika unyevu unaozunguka kitunguu na kuzizuia mbegu za kuvu zisichipue. Ganda ni ngao, na kitunguu cheupe kimezaliwa bila ngao hiyo. Wanaokihifadhi ghalani hulijua hilo bila kuambiwa.

Kuhusu kuyala, maganda ni makavu, machungu kidogo na hayatafuniki. Wapo wanaoyachemsha ndani ya supu kisha kuyachuja, na sehemu ya rangi pamoja na kwersetini huingia kwenye supu. Hakuna ubaya katika hilo, ili mradi maganda yameoshwa vizuri na hayana ukungu mweusi, kwani ndiyo yaliyogusana na udongo na dawa za shambani. Yakionyesha unga mweusi katikati ya tabaka, yatupwe.

Kitunguu kinachotoa machozi zaidi ndicho chenye antioksidanti zaidi?

Si lazima. Machozi ni kazi ya salfa. Kisu kinapozipasua seli, kimeng'enya kiitwacho aliinesi hukutana na kampaundi za salfa ambazo hadi hapo kilikuwa kimetenganishwa nazo, na mazao yake hupokewa na kimeng'enya cha pili kinachotengeneza mvuke unaochoma macho. Kimeng'enya hiki cha pili kilitangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2002. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba mvuke ule hujitengeneza wenyewe.

Flavonoidi hazishiriki katika mkasa huo. Hata hivyo kuna uhusiano wa mbali: vitunguu vikali huwa pia ni vile vigumu, vyenye maji machache na vinavyodumu ghalani, na hivyo ndivyo ambavyo mara nyingi huwa na flavonoidi nyingi. Lakini kipo kitunguu cheupe kikali kinachoweza kumliza mtu mzima na bado kikawa hakina kwersetini ya kutajwa, na huo ni ushahidi wa kutosha kwamba machozi si kipimo.

Kupika huharibu antioksidanti za kitunguu?

Huziharibu kidogo kuliko wengi wanavyohofia. Miungano ya kwersetini na glukosi huvumilia joto la kawaida la jikoni. Kinachotokea wakati wa kuchemsha ni kuhama zaidi ya kuharibika: flavonoli huyeyuka na kuingia kwenye maji. Maji hayo yakiwa ni mchuzi utakaonywewa, hakuna kilichopotea. Yakimwagwa, yamekwenda na sehemu yake.

Kukaanga hakuna maji ya kuzihamisha, na miungano hii haiyeyuki kirahisi kwenye mafuta, kwa hiyo nyingi hubaki ndani ya kitunguu mpaka pale kinapoanza kuungua. Kikishakuwa cheusi, mjadala umekwisha. Anthosiyanini ndizo dhaifu zaidi mbele ya moto, na kitunguu chekundu kilichopikwa muda mrefu hupauka na kuwa na rangi ya kijivu iliyochoka. Anayezitaka ni vyema akile kikiwa kibichi au akitie mwishoni.

Utafiti mmoja wa mwaka 1999 ulifuatilia vitunguu hatua kwa hatua tangu kumenywa, na matokeo yake yanatia tabasamu: hasara kubwa kuliko zote, asilimia 39 ya kwersetini, ilitokea kabla ya moto wowote, katika kumenya, kuondoa ncha na kukatakata. Kupika na kukaanga kulikofuata hakukupunguza kitu cha maana.

Tahadhari moja kwa wanaosoma majedwali ya lishe: kitunguu kilichokaangwa huonekana kuwa na kwersetini nyingi kuliko kibichi kwa kila gramu 100. Kikaango hakikuongeza chochote. Kitunguu kibichi ni maji kwa takriban asilimia 89, na maji hayo yanapotoka, kilichobaki huhesabika katika uzito mdogo zaidi.

Kwa nini kitunguu chekundu hugeuka rangi ya waridi kikitiwa siki au maji ya limau?

Kwa sababu umbo la molekuli ya anthosiyanini hutegemea asidi. Penye asidi molekuli hupata umbo lenye wekundu mkali. Asidi ikipungua wekundu hufifia kuelekea zambarau. Na penye alkali, kwa mfano kitunguu kikidondokewa na magadi, rangi huingia bluu na kijani, jambo linalomtisha mpishi bila sababu. Siki hufanya jambo jingine la manufaa, nalo ni kwamba anthosiyanini hudumu zaidi katika mazingira ya asidi. Ukiona siki yenyewe imekuwa ya waridi, sehemu ya anthosiyanini imehamia humo, kwa hiyo siki hiyo nayo iliwe.

Hata kitunguu cha njano hubadilika: penye alkali flavonoli zake huongeza unjano.

Zinapungua kitunguu kikihifadhiwa?

Flavonoli ni imara. Kitunguu kizima, kikavu na chenye afya hupoteza kidogo tu kwa miezi kadhaa, na kuna vipimo vilivyoonyesha ongezeko baada ya vitunguu kuachwa vikauke shambani kwenye mwanga baada ya kung'olewa. Anthosiyanini hushuka kwa kasi zaidi, ndani ya wiki chache. Vitunguu vyekundu viliwe mapema na vya njano viachwe visubiri.

Mwili hufyonza kiasi gani cha kwersetini ya kitunguu?

Hapa kitunguu kina heshima yake ya pekee. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba flavonoidi zilizofungwa na sukari haziwezi kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na kwamba lazima zisubiri bakteria wa utumbo mpana wazikate. Mwaka 1995, watafiti wa Uholanzi walifanya jaribio na watu tisa ambao hawakuwa na utumbo mpana, na hivyo hawakuwa na bakteria hao. Kwersetini ya vitunguu ilifyonzwa kwa takriban asilimia 52. Kwersetini safi isiyo na sukari ilifyonzwa kwa asilimia 24. Na rutini, ambayo ni kwersetini iliyofungwa na sukari za aina nyingine na hupatikana katika chai, kwa asilimia 17. Kumbe glukosi, iliyodhaniwa kuwa kizuizi, ndiyo iliyofungua mlango, kwani ukutani mwa utumbo mwembamba kuna vimeng'enya vinavyoikata na kuiacha kwersetini ipenye.

Ikiisha kuingia, kwersetini haizunguki katika damu kama ilivyokuwa kwenye kitunguu. Utumbo na ini huibandika asidi ya glukuroniki, salfeti au methili, na inayosafiri ni hiyo iliyobadilishwa. Hukaa kwa muda: nusu yake huondoka katika saa nyingi, si dakika, kwa hiyo anayekula vitunguu kila siku huwa na kiasi fulani damuni wakati wote.

Basi vitunguu huzuia magonjwa?

Ushahidi unaotajwa zaidi unatoka mji wa Zutphen, Uholanzi, ambako wanaume wazee 805 walifuatiliwa kwa miaka mitano na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Waliokula flavonoidi nyingi zaidi walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko waliokula kidogo, na vyanzo vikuu vya flavonoidi hizo vilikuwa chai, vitunguu na tufaha, kwa mpangilio huo. Ni matokeo ya kuvutia, lakini ni ya kuangalia watu walivyoishi, na anayekula mboga nyingi huwa na tabia nyingine nyingi nzuri ambazo ni vigumu kuzitenganisha na kitunguu.

Majaribio ya kwersetini kwa dozi kubwa yameonyesha kushuka kidogo kwa shinikizo la damu, hasa kwa dozi ya miligramu 500 au zaidi kwa siku. Kitunguu cha ukubwa wa kati, chenye gramu 110 hivi, kikiwa cha njano huwa na kati ya miligramu 30 na 130. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe ya vitunguu vingapi vingehitajika. Mwaka 2011, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia madai ya kiafya yanayohusu kwersetini na haikuyaona kuwa yamethibitishwa. Kitunguu ni chakula kizuri kinachostahili kuliwa. Dawa si kazi yake, na mwenye shinikizo la damu asiache vidonge vyake kwa sababu yake.

Zile namba za “nguvu ya antioksidanti” zinazobandikwa kwenye vyakula zinaaminika?

Zinaeleza kilichotokea kwenye mrija wa majaribio. Kipimo kilichopata umaarufu kuliko vingine, ORAC, kilikuwa na jedwali lake kwenye tovuti ya Idara ya Kilimo ya Marekani, na mwaka 2012 idara hiyo ililiondoa kwa maelezo kwamba namba hizo hazina uhusiano uliothibitishwa na afya ya binadamu na zilikuwa zikitumiwa vibaya katika matangazo.

Kitunguu chenyewe ni mfano mzuri wa udhaifu wa vipimo hivyo. Glukosi inayoshikamana na kwersetini hukaa juu ya sehemu ile ile ya molekuli inayofanya kazi kubwa ya kutoa elektroni, kwa hiyo katika mrija muungano huo huonekana mnyonge kuliko kwersetini huru. Mwilini, kama ilivyoelezwa, muungano huo ndio unaofyonzwa vizuri zaidi. Kipimo humpa ushindi asiyeingia ndani kwa urahisi.

Vidonge vya kwersetini vinaweza kuchukua nafasi ya vitunguu?

Kidonge kimoja mara nyingi huwa na miligramu 500, kiasi ambacho kitunguu hakifikii, na kwa dozi hizo kwersetini huanza kufanana na dawa katika uwezo wake wa kuingiliana na dawa nyingine, zikiwemo za kuzuia damu kuganda. Anayetumia dawa za kudumu azungumze kwanza na daktari au mfamasia. Vitunguu vya kwenye chakula havihitaji ruhusa hiyo.

Ikiwa vitunguu vina antioksidanti nyingi, kwa nini ni hatari kwa mbwa na paka?

Kwa sababu kitunguu kina pia kampaundi zinazofanya kinyume. Baadhi ya mazao ya salfa ya kitunguu ni vioksidishaji, na seli nyekundu za damu za mbwa, na zaidi za paka, hazina uwezo wa kutosha wa kuvihimili. Himoglobini huoksidishwa na kuganda mabonge madogo ndani ya seli, seli hupasuka, na mnyama hupungukiwa damu. Rangi ya kitunguu haileti nafuu, na kupika au kukausha hakuondoi hatari, kwa hiyo mabaki ya mchuzi na unga wa vitunguu vimo kwenye katazo hilo. Dalili kwa kawaida hazionekani siku ile ile. Ufizi kupauka, uchovu na mkojo wenye rangi ya kahawia huja siku kadhaa baadaye, na mbwa aliyeiba sahani ya vitunguu anapaswa kupelekwa kwa daktari wa mifugo hata kama bado anarukaruka na kutikisa mkia.